Maswali ya Wasomaji: Fremu Zitulie Kwanza

Mchana napiga eksirei hospitalini hapa Morogoro. Usiku, chumbani kwangu Kihonda, nacheza gemu kwenye kompyuta ya mezani niliyoiunga kipande kwa kipande. Barua za mwezi huu zimekuja nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: ni kitu gani kinamfanya mtu azame ndani ya gemu mpaka asahau kiti alichokalia?

SWALI: Dada, habari za kazi. Nimenunua Kariakoo kompyuta ya ofisi iliyotumika, prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nane, RAM GB 8, nikaiwekea kadi ya picha ya GTX 1650. Namba ya pembeni ya kioo inasoma fremu 70, mara nyingine 80, lakini nikikimbia ndani ya gemu picha inashtukashtuka kama gari linaloishiwa mafuta. Washkaji wanasema kadi ni ndogo, niiuze niongeze hela. Niongeze?
Kijana wa Ubungo, Dar es Salaam

JIBU: Kadi usiiuze. Shida yako haimo kwenye hiyo 70, imo kwenye jinsi hizo 70 zinavyofuatana. Fremu ni picha moja moja zinazofuatana kiooni; 70 kwa sekunde maana yake kila moja ikae kama milisekunde 14. Sasa chukua sekunde moja ambayo fremu 69 zimepita haraka, milisekunde 13 kila moja, kisha moja tu ikachukua 100 peke yake. Ukihesabu bado ni 70, na namba ya pembeni itakusifia. Ila jicho halijui wastani. Jicho limeiona ile moja iliyoganda, muda ambao zingepita saba. Hicho ndicho kigugumizi cha gemu.

Kazini jambo hili nakutana nalo kila siku. Kabla ya kupiga picha ya kifua namwambia mgonjwa: vuta pumzi, zuia, usitikisike. Akikohoa sekunde ileile, mbavu zinatoka zimefifia, hata mashine iwe mpya namna gani, na picha inarudiwa. Kutulia kunatangulia, ukali wa picha unafuata. Gemu nalipima vivyo hivyo. Lenye fremu 60 zilizopangika kama shanga kwangu ni zuri kuliko lenye 90 zinazorukaruka, na sitaibadilisha kauli hiyo kwa sababu ya tangazo la kadi yoyote.

Na nimeijua kwa maumivu. Mwaka 2021 ilikuwa zamu yangu kupokea mchezo wa kuchangiana pesa tunaocheza akina dada kazini, nikaenda dukani na fedha yote. Muuzaji hakuniuliza hata nina RAM kiasi gani. Akanipa kadi kubwa kuliko niliyokuwa nayo. Usiku ule nikaifunga, nikawasha, nikakimbia kwenye mtaa uleule ndani ya gemu lilelile. Kigugumizi kipo palepale. Nililia. Kumbe kilichonitesa ni kijiti kimoja cha GB 8 cha RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Windows inakula sehemu yake, kivinjari nilichosahau kukifunga kinakula yake, gemu likikosa nafasi linaanza kukopa kwenye diski, na diski yangu ilikuwa ya zile za kuzunguka. Kijiti cha pili kilinigharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kadi, na siku hiyohiyo gemu likatulia.

Kwa hiyo anza huko. Ongeza kijiti cha pili cha GB 8 kinachofanana na cha kwanza. Viwili vikifanya kazi bega kwa bega, data inapita njia mbili badala ya moja. Mashine ya kizazi hicho kwa kawaida inatumia RAM ya aina ya DDR4. Akikupa DDR3 mrudishie, haiingii. Kisha hakikisha gemu limekaa kwenye SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka. Halafu kumbuka kwamba GTX 1650 nyingi zinatosheka na wati 75 zinazotoka kwenye ubao mama wenyewe, ndiyo maana zinakubalika kwenye kompyuta hizi za ofisi. Kadi kubwa itakudai pawasaplai nyingine, kile kiboksi cha kugawa umeme, na mara nyingi mashine hizo zina pawasaplai ya umbo lake lenyewe, huipati kirahisi.

Ukishafanya hayo, fanya jaribio hili. Tafuta korido au mtaa ambao gemu linashtuka. Pita mara ya kwanza, rudi, pita tena. Kama mara ya pili limekwenda laini, zile zilikuwa sheda, yaani vijiprogramu vya kuchora mwanga na rangi ambavyo gemu linavitengeneza mara ya kwanza linapovihitaji, kisha linaviweka akiba. Gemu likikwambia mwanzoni kwamba linaandaa sheda, liache limalize hata kama chai itapoa. Kama linashtuka palepale kila ukipita, liko mbioni kupakia eneo jipya, itazame diski. Kama linaanza baada ya nusu saa popote ulipo, hilo ni joto.

Mwisho, kioo chako kikiwa cha hezi 60, yaani kinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, funga fremu kwenye 60. Hizo 70 na 80 hazikusaidii kitu hapo. Pakua programu ya MSI Afterburner uonyeshe mstari wa muda wa fremu badala ya ile namba. Mstari ukinyooka kama uzi wa fundi mwashi, umemaliza kazi.

SWALI: Binti yangu, mimi ni dereva wa malori, miaka 22 njia ya Dar kwenda Tunduma. Nikiwa nyumbani Makambako nacheza Euro Truck Simulator 2 kwenye kompyuta ya mwanangu. Yeye ananiambia gemu hilo ni la zamani, picha zake mbovu, nicheze mapya. Mimi juzi nilijikuta nimegeuza shingo kutazama kioo cha kushoto kabla ya kukata kona, na mbele yangu hakuna kioo cha gari, kuna ukuta na kalenda. Je, huu ni uzee, au gemu lina kitu?
Mzee wa Lori, Makambako

JIBU: Shikamoo baba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nimewasomea wenzangu wa zamu ya usiku. Sio uzee. Shingo yako imeamini.

Gemu hilo lilitoka mwaka 2012, limetengenezwa na SCS Software wa Prague, na ni kweli miti yake ya mbali haiwezi kushindana na magemu ya leo. Lakini tazama linakuomba nini. Linakuomba upime kona kwa tela, si kwa kichwa cha gari. Linakuomba ushushe gia kabla ya mteremko na siyo katikati yake, maana mzigo ukishaanza kukusukuma umechelewa. Wewe uliyeshuka mteremko wa Kitonga na tani zako mgongoni huhitaji kufundishwa hilo, na gemu halikupingi. Kila unachokijua mwilini, lenyewe linakubali kwamba ni kweli. Huko ndiko kuzama. Mwanao anatazama majani ya mti, wewe unatazama barabara.

Nakupa mambo machache ya kuongeza utamu. Kwenye mipangilio ya picha, pandisha ubora wa vioo vya pembeni na umbali vinaouonyesha, kisha shusha vivuli kufidia. Vijana wanafanya kinyume kwa sababu vivuli vinapendeza kwenye picha za kuonyeshana. Dereva anaishi kwenye vioo. Washa breki za upepo za kweli, uzisubiri zijae kabla ya kuondoka. Punguza usaidizi wa kulituliza tela. Zima ramani ya pembeni usome vibao. Na siku moja chukua mzigo Calais kule Ufaransa, uvuke maji kwenda Dover, Uingereza. Ukitoka pale bandarini utaendesha kushoto kama nyumbani, na unaweza kuchagua kebini yenye usukani wa kulia. Mimi sina leseni ya lori, lakini nilipofika ng'ambo ile mabega yangu yalishuka yenyewe, kama mtu aliyefika kwao.

Jambo jingine ni sauti. Chomeka hedifoni. Huku kwetu mvua ya Uluguru ikipiga bati, spika ndogo za kompyuta hazisikiki kabisa, ndipo nilipolazimika kununua hedifoni, na ndipo nilipogundua kwamba nusu ya gemu nilikuwa siisikii. Mwaka 1998 Looking Glass Studios wa Marekani walitoa Thief: The Dark Project. Wewe ni mwizi gizani, na ukikanyaga vigae au chuma mlinzi anasikia, ukikanyaga zulia anakukosa. Nyuso za watu mle ndani zimechongwa kama boksi. Nililicheza miaka zaidi ya 20 baada ya kutoka, na bado nilikuwa nazuia pumzi yangu mwenyewe kila nilipofika kwenye vigae.

SWALI: Anti, laptopu yangu ya gemu ikifika nusu saa inakuwa nzito na feni inalia kama pampu ya kisima. Nipunguze mipangilio gani bila kuharibu uzuri?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Kabla ya kupunguza lolote, inua nyuma ya laptopu kwa vitabu viwili, chaja iwe imechomekwa, na mpelekee fundi akuondolee vumbi na kubadilisha gundi ya joto. Prosesa ikizidiwa na joto inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na Dodoma mnalijua vumbi lenu.

Kisha shusha vivuli kutoka juu kabisa hadi kati; hutaona tofauti ukiwa unakimbia. Shusha ukungu mzito na mawingu, vinakula kuliko unavyodhani. Teksicha, yaani picha zinazofunika nyuso za vitu, ziache juu kama kumbukumbu ya kadi inatosha, kwa sababu hazipunguzi mwendo mpaka kumbukumbu ijae, ikijaa ndipo kila kitu kinaanguka. Ukungu wa mwendo (motion blur) na zile chengachenga za kuigiza filamu zima kabisa. Mimi nalipwa kuondoa chengachenga kwenye picha, siwezi kuzilipia tena nyumbani.

Na funga fremu. Kompyuta inayovuta wati 300 kwa saa 3 inamaliza karibu uniti 1 ya LUKU. Ukiizuia isichore fremu ambazo kioo hakiwezi kuzionyesha, inapoa na umeme unabaki.

SWALI: Assalaam alaykum dada. Kuna mabishano huku Kisauni. Mwenzetu ana kadi mpya, asema apata fremu 120 kwa DLSS. Sisi twamwambia nusu ya hizo ni fremu za uongo. Nani ana haki?
Mombasa

JIBU: Waalaykum salaam. Mnabishana juu ya vitu viwili vilivyopewa jina moja, kwa hiyo kila mmoja ana haki kipande.

La kwanza ni kukuza picha. Kadi inachora picha ndogo, kisha inaikuza ifike ukubwa wa kioo mara nyingi ikitumia pia kumbukumbu ya fremu zilizopita. DLSS ya NVIDIA inadai kadi za RTX. FSR ya AMD, iliyoanza mwaka 2021, ina matoleo yanayokubali hata kadi za zamani, na wengi wetu tunapumulia hapo. Hilo si uongo, ni ufundi. Ila angalieni kioo chenu. Mwenye kioo cha 1080 akichagua ngazi ya FSR iitwayo Quality, gemu linachorwa kwa 1280 kwa 720, nukta 921,600 badala ya 2,073,600. Hapo nywele na waya wa senyenge vinaanza kumeremeta vikitembea. Mwenye kioo cha 4K akichagua kilekile anaanzia nukta nyingi zaidi, na ni shida kuiona tofauti.

La pili ni fremu za kubuni, zilizoingia na kadi za RTX 40 mwaka 2022. Kompyuta inachukua fremu mbili za kweli na kutengeneza ya tatu ya kukaa katikati. Ili ifanye hivyo lazima ya pili izuiwe kidogo, isitoke mpaka ya kubuni itangulie. Kwa hiyo macho yanapata ulaini lakini kidole hakipati wepesi, kipanya kinakawia. Kama mwenzenu alikuwa na 60 za kweli akafika karibu 120, mwacheni afurahi. Kama alikuwa na 25, akafika 50 za kubuni, atakuwa anaendesha mashua iliyokatika usukani, na wala hazitamfaa kwenye gemu la kulenga shabaha.

SWALI: Naishi Muscat, kwetu Unguja. Nikicheza gemu zile za kuona kwa macho ya mhusika, nusu saa tu kichwa kinazunguka na roho yanichafuka. Wanangu hawana shida hiyo. Ni macho yangu?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Pole sana dada yangu. Macho yanauambia mwili kwamba tunatembea, masikio, yanayopima mizani ya mwili, yanasema tumekaa, na mwili unakasirika. Tafuta kwenye mipangilio upana wa kuona (field of view). Magemu mengi huja na upana mdogo uliopimwa kwa mtu aliye kwenye kochi, mbali na televisheni. Wewe umeketi karibu na kioo, kwa hiyo ni kama unachungulia dunia kupitia bomba. Pandisha hadi digrii 90 au 100. Zima kichwa cha mhusika kuyumba anapotembea, zima ukungu wa mwendo, washa kitone katikati ya kioo ili macho yapate pa kushika. Fremu zikiwa na kigugumizi hali inazidi, kwa hiyo soma jibu la kijana wa Ubungo. Na ukihisi dalili ya kwanza simama, unywe maji, usijikaze. Kujikaza kunaufundisha mwili kulichukia gemu.

SWALI: Toleo lililopita uliandika kwamba reitresingi, ule ufundi wa kuchora mwanga unavyosafiri na kuakisi kama wa kweli, na grafiki kali ni mapambo. Nakupinga. Mimi nilihifadhi pesa mwaka mzima nikanunua kadi yangu, na nikiona mwanga ukiingia dirishani ndani ya gemu nasikia niko pale. Usitudharau.
Nakuru

JIBU: Niliandika hivyo, na nilivuka mpaka. Nakuomba radhi, maana mimi mwenyewe siku nzima nahangaika na vivuli vya kijivu. Najua mstari mmoja hafifu kwenye mfupa unavyoweza kuwa habari yote ya picha.

Niseme vizuri zaidi. Mwanga unaokueleza jambo siyo pambo. Alien: Isolation, gemu la mwaka 2014 la kumkwepa kiumbe wa anga za mbali, linanitisha hadi leo, na linakwenda kwenye kompyuta dhaifu. Kiumbe kile hakifuati njia iliyochorwa, kinakuwinda kwa kuona na kusikia. Hata mlio wa kifaa chako cha kukitafuta kinaweza kuusikia kikiwa karibu. Ndani ya kituo kile cha anga taa moja inayopepesa mwisho wa korido inakuambia kama uende au ubaki kabatini. Hapo watu wengi wanajiharibia wenyewe: gemu linapoanza linawaomba washushe mwangaza mpaka alama moja isionekane, wao wanaupandisha juu ili waone vizuri. Giza likageuka kijivu, na hofu ikaondoka nayo. Funga pazia, shusha mwangaza, fuata alama. Hilo halidai kadi yoyote.

Cyberpunk 2077, ya CD Projekt wa Poland, ina jiji ambalo mwanga wake kwa reitresingi ni wa kushangaza. Lami yenye maji inaakisi kila bango. Hapo nakubaliana nawe bila kusita. Lakini lilipotoka Desemba 2020, kwenye konsoli za zamani lilikwama kiasi kwamba Sony waliliondoa dukani mwao, likarudi Juni 2021. Jiji lilikuwa lilelile, na waliokuwa na mashine hizo hawakuweza kukaa ndani yake. Ndiyo maana nang'ang'ania mpangilio wangu: picha itulie, sauti ifike, ndipo tuwashe taa zote. Kama kadi yako inayaweza yote matatu, washa, na ukikaa pale dirishani unikumbuke.

SWALI: Kuna gemu la kompyuta linalozungumza Kiswahili? Si maandishi, sauti.
Tanga

JIBU: Lipo. Tales of Kenzera: Zau, lilitoka Aprili 2024 kutoka Surgent Studios ya Uingereza. Aliyeliongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji mwenye asili ya Kenya, ambaye alilitunga baada ya kufiwa na baba yake. Kijana Zau anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, kumwomba amrudishie baba. Si zito kwa kadi ya kawaida, picha yake inasogea kwa upande, na rangi zake zimekolea kama khanga mpya. Ingia kwenye mipangilio ya sauti uchague Kiswahili kabla hujaanza.

Usiku nilioliwasha umeme ulikuwa umetoka kurudi, mvua imekatika, nikaamua kutumia spika. Mama alikuwa kitandani nyuma yangu anasuka ukili. Ananiona nikicheza tangu niko sekondari na hajawahi kuuliza chochote. Zau alipozungumza na Kalunga mara ya kwanza, mikono ya mama ilisimama. "Huyo mtoto," akasema, "baba yake amefariki lini?"